Mfalme Aliyemsikiliza Binti

Jumanne nilikuwa kwenye basi la Hounslow, huku ughaibuni, nyuma ya wanawake wawili Wakongomani waliovaa sare za usafi za uwanja wa ndege. Kwa nilivyosikia, baba wa yule mdogo amefungwa huko kwao bila kesi. Mwenzake, mama wa makamo, alikuwa akimfariji kwa habari aliyoisikia redioni, ya mfalme wa kale wa China.

"Alivaa kitambaa kigumu kama hiki," alisema, akivuta mkono wa sare yake. "Walitaka kumjengea roshani ya fahari. Alipoambiwa gharama yake ni mali ya kaya kumi, akakataa. Sasa, kuna mzee alihukumiwa kukatwa viungo. Binti yake akamwandikia mfalme: nifanye mtumwa, baba yangu apone. Mfalme akaifuta adhabu ile nchi nzima."

Yule mdogo alikuwa amekumbatia mkoba wake.

"Mama, na mimi nimewaandikia. Waziri, askofu, hata mkuu wa gereza."

"Wakasemaje?"

"Hakuna aliyejibu. Huyo wako alitawala lini?"

"Zamani, mwanangu. Miaka elfu mbili na zaidi."

Binti akaegemeza paji la uso kwenye kioo, akafumba macho. Mama akamshika goti mpaka waliposhuka.

Safu ya gazeti kama hii kwa kawaida humalizia kwa kuwaasa watawala waige mfano mwema. Ningewaasa, lakini ni wale wale ambao yule binti amekwisha kuwaandikia.