Albamu Iliyochomelewa Ndani ya Geti

Fundi wa mageti wa mtaa ule alikuwa na sikio la kuonewa wivu na popo. Ukidondosha msumari uani, yeye akiwa ndani atakuambia ni wa inchi ngapi, na kwamba umepinda. Mchana alichomelea vyuma, jioni alipiga ngoma katika bendi ya ule muziki wanaouita chuma kizito. Bendi yenyewe iliitwa Kutu. Gita lilikuwa la shemeji yake kinyozi. Mwimbaji alikuwa mkewe, mwoka mikate, mwembamba kama uzi wa kushonea, lakini akiunguruma, panya wa mtaa mzima hufungasha virago. Wengine hawajarudi mpaka leo.

Walichekwa weee, hatimaye wakarekodi albamu yao ya kwanza. Mtu wa studio akawapa nyimbo zote kwenye flashi ndogo kama jino, na fundi ndiye aliyekabidhiwa.

"Usiitie mfukoni," mkewe alimwonya. "Cheche zimetoboa mifuko yako yote. Suruali zako ni chekecheke."

Mume msikivu huyo! Alipofika karakana aliifunga kwenye kipande cha ngozi ya glavu kuukuu, akaisokomeza ndani ya bomba la chuma lililokuwa mezani. Hapo hata mwizi hafikirii, alijisemea. Kweli, hata yeye hakufikiria tena. Kazi ilipomnogea, mdomo ukipiga ngoma za wimbo wa mwisho, alilichukua bomba lile lile, akaliziba ncha, akalichomelea kwenye geti. Mageti mawili ya siku hiyo yakaenda kwa wenyewe.

Asubuhi yake kinyozi akaingia mbio, taulo la mteja bado begani.

"Shemeji, kompyuta ya studio imeungua! Tumebaki na ile flashi tu. Iko wapi?"

Fundi akatazama meza. Ilikuwa tupu.

"Nimeichomelea."

"Umeifanya nini?"

"Iko ndani ya geti."

"Geti la nani?"

"Hapo sasa."

Kinyozi akaketi juu ya ndoo, akaruka haraka maana ilikuwa na maji. "Wenzako wanapenyeza albamu redioni, wewe umepenyeza getini!"

Wakampitia mwoka mikate. Alipoambiwa hakugomba. Alisema tu, "Sauti ile siipati tena. Siku ile nilikuwa na mafua." Kisha akavua aproni, akatangulia njiani.

Geti la kwanza lilikuwa la muuza dawa. Fundi akabandika sikio, akaligonga kwa kidole kutoka juu mpaka chini.

"Fundi," akauliza muuza dawa dirishani, "unalipima presha?"

"Nalijulia hali tu, mzee."

Geti lilikuwa zima, halina kitu tumboni. Likabaki la mkunga mstaafu, na kama si hilo, basi tena. Fundi akaligonga. Ngwi. Ngwi. Ngwi. Ngwi-tik.

"Rudia," mkewe akanong'ona.

Ngwi-tik.

Mkunga akatoka na mswaki mdomoni. "Nyie, mbona mnanitikisia geti, hata rangi haijakauka?"

Wakamweleza. Naye akabandika sikio, akatikisa kichwa.

"Nimezalisha nusu ya mtaa huu. Hata wewe fundi nilikutoa mimi, tena ulitanguliza miguu. Lakini geti sijawahi kulizalisha. Haya, kata! Kata pembeni huko, usije ukamuumiza mtoto!"

Fundi akakata ncha ya bomba, cheche zikaruka. Wakaling'oa geti, wakaliinamisha. Kitu kikakwama.

"Tikiseni!" mkunga akafoka. "Mtoto hatoki kwa kubembelezwa!"

Wakatikisa. Kifurushi cha ngozi kikadondoka, kimeungua pembeni, kinanuka moshi.

Waliitoa flashi, wakaichomeka kwenye redio ya mkunga. Kimya. Fundi alizuia pumzi mpaka kinyozi akamfinya. Mara ngoma zikadunda, gita likafuata, halafu mngurumo wa mwoka mikate ukapasua sebule. Vikombe vilishuka kabatini vyenyewe, na kuku wa jirani alitaga mayai mawili kwa mpigo.

"Huyo mwanamke uchungu umemfika!" mkunga akaruka. "Leteni maji ya moto!"

"Bibi, ni mimi huyo," akasema mwoka mikate. "Na sina mimba."

Mkunga akamtazama kutoka utosini hadi unyayoni. "Na mwili huu? Sauti yote hiyo ulikuwa umeiweka wapi?"

Fundi alikuwa sakafuni, anacheka huku machozi yanamtiririka. Mkewe akajibwaga kando yake, akamwegemea, akashusha pumzi ndefu. Kisha akafungua mdomo.

"Sasa wewe mwanamume, ukithubutu tena..."

"Shh!" mkunga akamkatiza, akaongeza sauti ya redio. "Mtoto akitoka salama na kulia hivi, watu hawagombani."