Msumeno wa Ofa

Mama Pacha alikuwa fundi seremala, na mtaani kwao hakuna aliyeona ajabu tena. Mwanzoni waliona. Watu walichungulia karakana yake na kuuliza fundi yuko wapi, naye amesimama pale pale, penseli sikioni, maranda yamemjaa kichwani. "Fundi ndiye huyu unayemwuliza," aliwajibu. Walipokwisha kuzoea kufungua na kufunga milango aliyoitengeneza yeye, waliacha kuuliza.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba cha mabati ubavuni mwa nyumba, na humo alikuwa na meza nene ya kazi, randa, patasi, keekee na misumeno ya mkono aliyoinoa mwenyewe. Kazi haikuwa inamshinda. Kilichomshinda ni bega la kulia. Lilianza kama uchovu wa kawaida, likawa maumivu, mwisho likafika mahali pa kumzuia hata kuchana nywele. Mumewe, muuguzi wa hospitali, alimpeleka kwa daktari, na daktari akamwambia apunguze kukata mbao kwa mkono.

"Apunguze!" alisema Mama Pacha walipotoka. "Sasa mbao zitajikata zenyewe?"

Baba Pacha aliyaweka maneno yale moyoni, akaanza kujibana kimya kimya. Mchana mmoja akaingia karakana na sanduku kubwa kichwani, jasho linamchuruzika, uso umekunjuka kama mtu aliyeshinda kombe.

"Fungua," alisema.

Ndani ya sanduku mlikuwa na msumeno wa umeme, randa ya umeme, drili ya betri na mashine ya kupigia msasa. Vyote vilikuwa vya rangi moja ya kung'aa, vimelala kila kimoja kwenye kishimo chake kama watoto wachanga.

"Ofa!" alisema Baba Pacha. "Vyote vinne kwa bei ambayo duka jingine wangekupa kimoja. Watu walikuwa wanasukumana, mama yangu. Nilimshika mtu mmoja mkono, naye ameushika upande wa pili wa sanduku hili hili."

Mama Pacha aliunyanyua msumeno. Ulikuwa mwepesi kupita kiasi. Akakibonyeza kwa kidole gumba kitako chake, yaani bati la chini linalokaa juu ya ubao ili msumeno uende sawa. Likabonyea kama kifuniko cha kopo. Alijua papo hapo. Akainua macho aseme, akauona uso wa mumewe.

"Ahsante, Baba Pacha," alisema, na akamkumbatia.

Mambo yalianza kwenda kombo na kumbatio lile.

Wakati huo alikuwa na kazi ya Mwalimu, bibi mstaafu wa mtaa wa juu aliyetaka kabati la jikoni. Mwalimu hakuwa mtu wa kupelekwa pelekwa. Alichagua mwenyewe mbao ngumu, akataka milango ikae bapa, na akasema waziwazi kwamba amechoka kuishi na vitu vya kulazimisha.

Mama Pacha alipiga mstari kwenye ubao wa kwanza, akauwasha msumeno, akaanza kukata. Msumeno ulinguruma kwa kelele za kutosha kiwanda kizima. Alipomaliza akaweka pembemraba kupima kona. Ubao ulikuwa umekatwa mshazari. Alidhani ni mkono wake, hajauzoea mtambo. Akakata wa pili, nao ukaenda upande. Akalilegeza lile bati, akalinyoosha kwa nyundo, akakaza skrubu mpaka bisibisi ikateleza. Ubao mmoja ukatoka sawa, moyo ukamtulia. Uliofuata ukatoka kama wa kwanza. Katikati ya mbao pana msumeno ulikwama, ukatoa harufu ya nywele zilizoungua, ikabidi auzime na kukaa akiutazama.

Randa ya umeme nayo ilikuwa na tabia yake. Ilikwenda vizuri tangu mwanzo wa ubao, ikifika mwisho inauma, inaacha shimo kama mtu aliyemega mkate. Drili ilitoboa bila shida, lakini kuingiza skrubu kwenye mbao ngumu kuliifanya iheme, na betri ikikata roho unasubiri kuichaji mpaka unasahau ulikuwa unafanya nini.

Kilichomuudhi zaidi ni mashine ya msasa. Hiyo ilikuwa nzuri! Ilifanya kwa muda mfupi kazi iliyokuwa ikimmaliza bega, na ubao ukabaki laini kama shavu la mtoto. Laiti ingekuwa mbovu nayo, angevitupa vyote kwa moyo mmoja.

Jioni mezani Baba Pacha aliuliza kama kawaida, "Vipi mitambo?"

"Inakwenda vizuri."

"Nilikwambia mimi!"

Na hakuishia hapo. Hospitali nzima ilisikia habari za lile sanduku. Dereva wa gari la wagonjwa akaenda kununua la kwake, akajenga banda la kuku, kisha akapita nyumbani kushukuru. "Shemeji, ule msumeno ni moto wa kuotea mbali!" alisema. Mama Pacha akatabasamu huku anasaga meno. Banda la kuku! Nani anamwekea kuku pembemraba?

Milango ya kabati aliimalizia kwa kubahatisha, huku akirekebisha kwa randa ya mkono pale msumeno ulipoharibu. Unapunguza huku, unakuta kule kumepungua zaidi. Alipoifunga jikoni kwa Mwalimu alijua haikuwa kazi yake, lakini alijipa moyo kwamba bawaba zitaficha. Mwalimu akavaa miwani, akausukuma mlango mmoja taratibu, akainama kuchungulia upenyo uliokuwa juu mwembamba na chini mpana.

"Mwanangu," alisema, "huu mlango mbona unacheka?"

Mama Pacha aliona uso unamwaka. Miaka yote ya kazi, hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Angeweza kusema mbao zimenyauka, au ukuta umepinda, kama wasemavyo mafundi wengi. Badala yake aliing'oa ile milango yote, akaibeba.

"Nitaileta mingine," alisema.

"Nasubiri. Ila nisizeeke zaidi ya hapa."

Alirudi karakana, akaufungia msumeno wa ofa ndani ya sanduku, akatoa wa mkono. Tangu siku hiyo, mumewe akienda kazini, yeye alikata kwa mkono. Mumewe akikaribia kurudi, aliitandaza ile mitambo mezani ili ionekane imetumika. Bega likawaka moto. Aliponyanyua sufuria jikoni alitumia kushoto, na akiulizwa alisema amelalia vibaya.

Uongo wa namna hiyo haudumu katika nyumba ya muuguzi. Siku moja Baba Pacha alibadilishana zamu na mwenzake, akarudi mchana. Alitegemea kusikia ngurumo. Alichosikia ni msumeno wa mkono, kro, kro, kisha kimya, kisha mtu anaguna. Akasukuma mlango. Mkewe alikuwa ameinamia ubao, goti juu yake, machozi yanamtiririka, na sanduku limefungwa chini ya meza.

"Unafanya nini?"

"Unaona."

"Na mashine nimekununulia za kupamba?"

"Hazikati, Baba Pacha! Hazikati sawa, hazijawahi kukata sawa!"

"Kila siku unaniambia zinakwenda vizuri!"

"Ungetaka nikwambieje?"

Waligombana kweli kweli, maneno yakatoka ambayo wasingependa pacha wao, waliokuwa shule ya bweni, wayasikie. Baba Pacha akasema amefanywa mjinga mbele ya wenzake. Mkewe akasema kama angeulizwa kabla ya kununua, yote yasingetokea, maana ukimnunulia muuguzi sindano unamwuliza kwanza ya kazi gani. Mwishoni Baba Pacha akauvuta msumeno kutoka sandukuni, akachukua ubao uliopigwa mstari, akakata mwenyewe. Aliweka mguu, akaukazia macho ule mstari, akajitahidi. Alipomaliza, mstari wa penseli ulikuwa huku na mkato uko kule.

"Nimekosea?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hujakosea. Wewe umekwenda sawa, bati ndilo halikukaa."

"Basi tunaurudisha. Leo hii."

Dukani walimkuta mtu wa kaunta, beji kifuani, simu mkononi. Alisikiliza nusu, akasema, "Bidhaa za ofa hazirudishwi."

"Hata kama ni mbovu?" aliuliza Baba Pacha.

Mtu wa kaunta akauchomeka msumeno kwenye umeme, akauwasha. Ukanguruma. "Mbona mzima? Unazunguka huu."

"Kuzunguka hata feni inazunguka," alisema Mama Pacha. "Mimi nataka ukate."

"Mlikuwa mnakata mbao gani?"

"Mbao ngumu."

"Aa, sasa, mama. Huu ni wa matumizi ya nyumbani."

"Kabati ninalotengeneza ni la nyumbani. Ulidhani la wapi?" Akaligeuza sanduku, akamwonyesha picha ya mwanamume anayecheka huku anapasua gogo. "Na huyu hapa, anakata papai?"

Watu waliokuwa nyuma yao wakacheka. Mtu wa kaunta hakucheka. Akarudia maneno yake yale yale, kisha akamwita mteja mwingine. Mama Pacha alitamani kulipigiza lile sanduku kwenye kaunta, lakini mumewe alikuwa amesimama kando yake, mabega yamemshuka, mtu aliyejinyima ili kununua aibu. Akamshika mkono, wakatoka.

Njiani Baba Pacha alisema, "Ungeniambia siku ile ile."

"Wangeupokea?"

"Wasingeupokea. Lakini bega lako lingekuwa zima."



Mbao za Mwalimu walizipeleka kwenye kiwanda cha mbao, penye mashine kubwa ya kuwapasulia watu mbao. Ikawa kero nyingine. Foleni ndefu, mjenzi mmoja ana lori zima la mbao mbele yao, vumbi machoni, mpasuaji naye hataki kuelekezwa. Lakini mbao zilitoka zimenyooka. Mama Pacha akaunga milango upya, akaipiga msasa kwa ile mashine nzuri, akaifunga. Mwalimu akafungua, akafunga, akavua miwani.

"Huu umenuna vizuri," alisema. "Ila umechelewa, fundi."



Dereva wa gari la wagonjwa alipokuja tena, safari hii anauliza kama atengeneze kitanda kwa vifaa vyake, Mama Pacha alimjibu bila kuzunguka. "Msasa tumia, hautakuangusha. Drili tumia, ukitundika rafu na kubana mbao laini. Ule msumeno uache kwenye banda la kuku. Na ukiwa na hela ya vitu vinne vya ofa, nunua kimoja cha maana."

Yeye mwenyewe alianza kukitafuta hicho kimoja. Baba Pacha akawa anamsindikiza siku zake za mapumziko, kwa mafundi waliokuwa wanauza vyombo vilivyotumika. Safari hii alimwachia mkewe kuchagua. Msumeno wa kwanza ulikuwa na mhimili unaocheza. Wa pili ulishawahi kufunguliwa na kufungwa na mtu asiyejua. Wa tatu ulikuwa mzito, rangi imebanduka yote, waya umeungwaungwa, unatia huruma kuutazama. Mama Pacha aliomba ubao mgumu, akakata. Akaweka pembemraba. Akakata tena, akaweka tena. Mwenye msumeno akaanza kuguna kwamba mbao zake zinaisha.

"Mmoja tu wa mwisho," alisema Mama Pacha, akakata mara nyingine mbili.

Kisha akalipa, akaupangusa vumbi kwa kanga yake, akampa mumewe aubebe. Mkono wa Baba Pacha ukashuka kwa uzito.

"Sasa nifurahi?" aliuliza.

"Subiri kwanza," alisema mkewe, akitangulia njiani huku amelishika bega lake. "Nikate mlango mzima ndipo nikwambie."