SSD Yangu Ilivyogawanywa Mirathi

Nimeona watu wakigombea mashamba. Nimeona ndugu wakigombea ng'ombe mmoja mzee asiye na maziwa. Hapa Mpanda hayo tumeyazoea.

Lakini kukaa kikao cha ukoo, na dua ya kufungulia, tunagawana SSD?

Hiyo niliiona kwetu. Na SSD yenyewe nilinunua mimi.

Naitwa Hadia, niko Majengo. Kazi yangu studio: picha za pasipoti, video za harusi, maulidi, mahafali. Hata msiba ukiniita naenda.

Studio ilikuwa ya baba. Baba alifariki mwaka huu, Mungu amrehemu, akatuacha watatu: mama, kaka yangu Abuu na mimi.

Baba mkubwa Zubery hakuachwa na mtu. Alijileta mwenyewe. Tanga halijaondolewa, kashajitangaza msimamizi wa mirathi, na hakuna aliyemuuliza kapewa na nani.

Sasa sikieni.

Kompyuta ya studio ilikuwa na diski ya zamani. Unaiwasha, unaenda kununua vocha, unasalimiana na nusu ya Majengo, unarudi bado inazungusha kiduara.

Na mimi nilikuwa na kazi ya mzee Malale mkononi.

Mzee Malale ni Msukuma wa Litapunga. Ng'ombe wake hawahesabiki na mdomo wake haupumziki. Akikusifia, mnada mzima unakujua. Akikuponda, we hama mkoa tu.

Nilimpigia video ya harusi ya binti yake, Ng'washi. Ilitakiwa ionyeshwe Jumamosi ya kuvunja kamati, ile siku wanakamati wanakutana baada ya harusi, wanakula, wanakunywa, wanajiangalia kwenye runinga na kuulizana nani alicheza vibaya.

Baba mkubwa alipoisikia hiyo kazi, alinijia na sauti laini kabisa.

"Hadia mwanangu, hii fremu ya studio haiingizi kitu. Ukiharibu kazi ya Malale, mimi naingiza mpunga wangu wa Usevya humu. Usinielewe vibaya, nakutakia heri."

Heri gani hiyo yenye magunia?

Nikaelewa kwamba nikikosea Jumamosi, studio ya baba inageuka stoo. Nikabana matumizi, nikaagiza SSD, ile diski mpya ya kasi, kutoka Dar. Ikaja na basi, kidude chembamba hata mfuko wa shati hakiujazi. Kompyuta ikiwa nayo, inawaka kabla hujavuta kiti.

Nafasi yake ilikuwa ndogo, ya bei ya mtu kama mimi. Kwa hiyo nikapiga hesabu zangu kichwani niweke nini humo. Windows, programu ya kuhariri video, harusi ya Ng'washi. Basi. Gemu hapana, muvi hapana, mbwembwe hapana.

Nikamwita Gratien, fundi wa kompyuta kutoka Katumba. Kafungua mashine, bisibisi mkononi, baba mkubwa huyo mlangoni.

"Hicho nini?"

"SSD, baba mkubwa."

"Inaingia kwenye kompyuta ya nani?"

"Ya baba."

"Baba yako yuko hai?"

Jamani.

"Basi kompyuta ni mirathi. Na kinachoingia ndani ya mirathi ni mirathi. Fundi, weka bisibisi chini. Ijumaa tuna kikao."

Gratien akaniangalia, akaangalia bisibisi, akaiweka chini. Ana watoto wa kulisha, simlaumu.

Ijumaa baada ya swala tukakaa sebuleni kwetu. Baba mkubwa kwenye kochi la baba. Abuu kwenye mkeka, simu mkononi. Mama alikuwa bado eda, mjane wa kukaa ndani, kwa hiyo alikaa chumbani, pazia limeshushwa, akawa anatusikiliza kutokea huko.

SSD yangu ilikuwa juu ya meza, imewekwa kwenye kisahani cha chai. Mtu angepita dirishani angedhani tunaizika.

Baba mkubwa akasafisha koo. "Kwanza, msimamizi ana fungu lake."

"La kuweka nini?" nikauliza.

"Muvi za Kihindi. Zile zilizotafsiriwa."

Abuu akadai fungu la mtoto wa kiume, mara mbili ya langu, aweke gemu la mpira. Huyu ni mtu mzima, ana bodaboda, ana ndevu. Gemu lenyewe lilikuwa linakula nafasi kuliko kazi zangu zote za mwaka.

"Abuu kaka yangu, mimi nina kazi ya watu," nikamwambia.

"Dada, na mimi nina ligi."

Nikageukia pazia la mama.

Halafu sauti ikatoka nyuma ya pazia. Nikasema moyoni, haya, mama anaokoa jahazi.

"Na thumuni yangu msiisahau," mama akasema. "Mke wa marehemu ana thumuni, sehemu moja ya nane. Nataka niweke kaswida."

Kwa baba mkubwa nilitarajia, kwa Abuu nilitarajia. Kwa mama niliumia kweli, nikainamisha kichwa wasione macho yangu.

Baba mkubwa akachekelea. "Umesikia? Hata mama yako anajua haki."

Gratien, aliyeagizwa aje kikaoni na kompyuta ya studio, akaambiwa aifunge SSD humo na kuigawa vipande vinne, kila mmoja na chake. Akauliza swali moja tu, la kitaalamu.

"Mzee, na Windows niiweke wapi?"

"Windows ni mtoto wa marehemu?"

"Hapana mzee. Ila bila hiyo kompyuta haiwaki."

"Kwa hiyo inatumiwa na wote?"

"Na wote."

"Basi vya wote vikae kwa Hadia."

Mabinti wenzangu, hii sentensi mnaijua. Maji ya wote, Hadia. Vyombo vya wote, Hadia. Wageni wa wote wamefika bila taarifa, Hadia yuko wapi?

Kwenye kipande changu, ambacho ndicho kilikuwa kidogo kuliko vyote ukiacha kile cha mama, ikaingia Windows. Ikaingia programu ya kuua virusi, maana flashi za Abuu zinajulikana. Ikaingia programu ya printa, ya skana, ya kuandikia barua. Gratien alipomaliza, nafasi iliyobaki ilitosha picha za pasipoti na pole nyingi.

"Na asiguse mtu fungu la mwenzie," baba mkubwa akafunga kikao. "Kula haki ya mwenzio ni moto."

Dua ikasomwa. Amina ikaitikiwa. Mimi pia niliitikia, maana nilikuwa na mengi ya kuomba.

Wiki ya kuvunja kamati ikafika. Nikajaribu kuweka programu ya kuhariri kwenye kipande changu, kompyuta ikagoma, nafasi haitoshi. Diski ya zamani nayo ilikuwa imekata kauli. Memori kadi zenye harusi nzima ziko mezani, na hakuna pa kuzifungulia.

Nikamfuata Abuu kijiweni kwake.

"Niazime nafasi kidogo, hadi Jumamosi tu."

"Dada, nikifuta gemu napoteza levo zote. Halafu baba mkubwa alisema moto."

Baba mkubwa sikumfuata. Alikuwa anakuja mwenyewe kila siku, anasimama katikati ya studio, anapima ukuta kwa macho. Mara moja nilimsikia anamuuliza mpita njia kama fremu hii inavuja mvua ikinyesha.

Ndipo nikaelewa mchezo. Zile muvi hakuwahi hata kuja kuziangalia. Fungu lake lilikuwa na kazi moja tu, kunibana mimi nishindwe.

Siku moja kabla ya shughuli, nimekaa mbele ya kompyuta nalia kimyakimya, mama akaingia. Alikuwa ametoka eda wiki hiyohiyo, na studio ndiyo sehemu ya kwanza aliyokuja kwa miguu yake.

"Unalia nini?"

"Sina pa kufanyia kazi, mama. Mmegawana yote."

"Fungu langu liko wapi humo?"

Nikamwonyesha, kwa hasira kidogo, nisamehewe. Nikalifungua nione hizo kaswida zilizoninyima kazi.

Tupu. Hakuna hata faili moja.

"Mama, kaswida ziko wapi?"

"Ninazo kwenye simu, tangu lini nasikiliza kwenye kompyuta?" Akavuta kiti akakaa. "Siku ile ningesema mwachieni Hadia, shemeji angesema nakupendelea, angechukua na hilo fungu langu. Thumuni hawezi kuninyima. Nikaidai, nikakuwekea. Haya, weka harusi ya watu humo."

Nililia tena, sasa kwa sauti. Mama akasema nikilowesha kompyuta nayo itaenda kwenye mirathi.

Thumuni ya mama ilitosha. Kwa kubana, kwa kuingiza kadi moja moja na kufuta nyuma yangu, ilitosha. Na SSD ilikimbia jamani, kila nikibonyeza, tayari. Mama alishinda pembeni yangu ananiambia nani akatwe. Mjomba wa bwana harusi aliyekuwa anapenga kamasi akakatwa.

Jumamosi Litapunga, tukaweka runinga uani. Baba mkubwa alikuwa kafika kabla yangu, na alikuwa hajaalikwa. Kakaa karibu na sufuria la nyama, anasubiri nianguke.

Video ikaanza. Ng'washi akatokea na shela lake, ng'ombe wa mahari nyuma, ngoma juu. Wamama wakapiga vigelegele kwa harusi ambayo walikuwepo wenyewe. Mzee Malale aliomba irudiwe pale anapocheza yeye. Ikarudiwa. Akaomba tena.

Mwisho akasimama, macho yamelowa, akanishukuru kwa Kisukuma.

"Wabeja sana, mayu. Nina vijana wawili wanaoa mwaka huu. Zote ni zako."

Kabla sijafungua mdomo, nani kasimama?

"Ahsante mzee mwenzangu," baba mkubwa akasema, mkono kifuani. "Hii ni studio ya ukoo. Hizo kazi tutakaa kikao tugawane."

Mzee Malale akamtazama toka kofia hadi ndala.

"We ulishika kamera?"

"Mimi ni msimamizi."

"Wa nyama?"

Watu walicheka mpaka mwingine akamwagikiwa soda. Baba mkubwa akakaa, lakini uso mkavu kama haumhusu. Kesho yake kikao kikaitishwa kweli, kwa ajili ya kugawana kazi za Malale.

Safari hii mama hakuwa nyuma ya pazia. Alikaa sebuleni, kajitanda khanga, na pembeni yake kamkalisha shehe wa msikiti wetu, aliyemwalika mwenyewe.

Baba mkubwa alipomwona shehe, akaanza kukohoa.

"Shehe," mama akasema, "nataka kuuliza la elimu tu. Marehemu ameacha mke, mtoto wa kiume na wa kike. Kaka wa marehemu fungu lake ni lipi?"

"Akiwepo mtoto wa kiume, kaka harithi," shehe akajibu. "Hana fungu."

Abuu akaweka simu chini. Mara ya kwanza tangu nimjue.

"Na usimamizi," shehe akaendelea, "ni kazi ya kutunza haki za watu. Si fungu la muvi."

Mama alikuwa hajamaliza. "Na hii SSD?"

"Ilinunuliwa lini?"

"Baada ya mazishi," nikasema. "Na mimi."

"Basi si mirathi hata kidogo. Ni mali yako. Abuu hana mara mbili yake humo, na mama yako hana thumuni."

"Najua," mama akasema, akimwangalia shemeji yake. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Nilikuwa eda, nisingebishana na mwanaume kwa kupitia pazia. Nikasema ngoja nitoke, na mwanangu awe na kazi ya kuonyesha. Shemeji, kunywa chai."

Hakunywa. Alichukua kofia yake akatoka, na mpunga wake wa Usevya mpaka leo sijui kauweka wapi.

Jioni hiyo nikaunganisha vipande vyote vinne vikawa kimoja. Muvi za Kihindi zilikwenda kwa kidole kimoja. Gemu nilimwambia Abuu alitoe mwenyewe, na alilitoa akiwa amenuna, eti levo zake.

Fundisho lenyewe ni hili. Ukinunua SSD, watu watakupangia uweke nini humo. Wewe waulize kwanza wao walinunua nini.

Na kama kuna mtu kwenu anagawa haki za wote kwa sauti kubwa, kaeni naye chini, na mwenye elimu awepo, mumuulize ya kwake imetoka wapi. Sisi tulichelewa kuuliza, na nusura studio ya baba ijae magunia.