Mjumbe Hana Sifa

Wiki ile nilikuwa sikai. Nikikaa nasimama, nikisimama naipapasa simu. Mdogo wangu wa kiume alikuwa amelazwa hospitali Lushoto mjini, figo zimegoma, na mimi ndiye dada mkubwa ambaye daktari humpigia. Kila jioni mama aliniuliza hali yake, nami nilimjibu, "Anaendelea vizuri, mama." Akitaka kwenda kumwona nilimwambia mvua imeharibu barabara, asubiri kidogo. Uongo mtupu. Kijana alikuwa anazidi kuisha, na mama hapa Mlola alikuwa anamchagulia viazi vya mbegu, avipande akirudi.

Darasani nako, kana kwamba nimelogwa, tulikuwa kwenye tanzia. Tamthilia ya kale: mfalme anamfukuza mwanawe, mwana anafia ugenini, mjumbe anampelekea malkia habari. Nilichora jedwali ubaoni: mhusika, nafasi yake, sifa zake. Mfalme walimmaliza haraka: mkaidi, ana kiburi, haambiliki. Malkia ni mvumilivu na ana mapenzi kwa mwanawe. Kwa mjumbe wakakwama.

"Huyu hana sifa, mwalimu," akasema mmoja. "Anaingia, anasema, anatoka."

Nikaamuru waigize. Binti mrefu aliyepewa nafasi ya mjumbe alitakiwa aingie mbio na kusema, "Malkia, mwanao amekufa." Akaingia polepole, akakunja goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu malkia, ambaye ni rafiki yake wa dawati moja.

"Habari za hapa?"

"Nzuri tu. Za huko mtokako?"

"Huko si kuzuri sana. Mwanao hajisikii vizuri. Wamesema uje."

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nilichemka. Nikamwambia asome kilichoandikwa, asituletee ya kwao.

"Siwezi, mwalimu. Mama wa watu ataanguka. Kwetu msiba hauletwi hivyo. Unasema mgonjwa kazidiwa, mengine anayaona mwenyewe akifika."

Hakukosea. Hata mimi baba alipofariki niliitwa kwa maneno hayohayo, nikayakuta maturubai uani. Lakini nilikuwa na hasira za kutafuta mtu wa kumshushia, nikamshushia yeye. Nikamwambia malkia ni mama, ana haki ya kujua, na mjumbe anayeficha ni mwoga. Yule binti akatazama chini. Nilijisikia vibaya sana, na kabla sijapata neno la kumpoza, simu ikatetemeka. Nikatoka nje kuipokea. Daktari alisema kama kuna wa kumwona mgonjwa, waje leo.

Nyumbani nilimkuta mama kwenye lundo lake la viazi. Nikachochea moto usiohitaji kuchochewa. Nikachota maji, nikayamwaga, nikachota mengine.

"Unanizungukia nini?" akauliza. "Mwenzio anaendeleaje?"

"Mama, hatapona. Daktari amesema twende leo."

Nikamshika mabega, maana niliogopa ataanguka. Hakuanguka. Aliiondoa mikono yangu, mmoja baada ya mwingine.

"Umejua lini?"

"Tangu Jumapili."

Aliingia ndani, akatoka na khanga safi, na njia nzima hakunisemesha. Barabara ilikuwa kavu, na yeye aliitazama mpaka tukafika mjini. Nilitamani anitukane. Angenitukana ningepumua.

Wodini tulimkuta wifi yangu kwenye kiti, akatupisha. Mama aliketi kitandani, akalowesha ncha ya khanga, akaanza kumfuta mwanawe uso, huku akimwita kwa Kishambaa kwa jina alilomwita alipokuwa mdogo. Ilichukua muda. Halafu akafumbua macho, akamtazama mama kama anayehakikisha.

"Mama," akasema. "Nilidhani umenikasirikia."

Mama aliendelea kumfuta. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda, na hakugeuka kunitazama.

"Sikukasirika, mwanangu," akamwambia. "Niliambiwa umepata nafuu."