Shingo ya Mwalimu Baltazar

Mwalimu Baltazar alifundisha darasa la tatu Nyamuswa kwa miaka kumi na moja, na pombe hakuwahi kuionja. Kwa hiyo mwalimu mkuu alipomwita ofisini na kumwambia wazazi wanalalamika kwamba anaingia darasani amelewa, aliitazama mikono yake. Ilikuwa inatetemeka, kama ilivyotetemeka tangu mwezi wa pili, hata maandishi yake ubaoni yakawa hayasomeki.

"Na macho yamekutoka," mwalimu mkuu alisema. "Watu wanaona."

"Sawa," Baltazar akajibu. Akapokea barua ya kusimamishwa kazi, akaikunja, akapanda bodaboda kwenda nyumbani.

Hakukasirika. Hilo lilimtisha mkewe, Recho, kuliko barua yenyewe. Mumewe alikuwa anakula ugali wa watu wawili na bado suruali zinamvuka. Moyo ulimwenda mbio hata akiwa amekaa tu. Na mama yake alipozikwa Butiama mwezi uliopita, alisimama kaburini macho makavu, kama anayemzika jirani.

"Baba Naomi, hukuwaga hivi," Recho akasema. "Kesho tunaenda Musoma."

Hospitalini daktari, mama wa makamo, alimpapasa koo akakuta uvimbe laini pande zote mbili. Akaweka kifaa cha kusikilizia mapigo pale pale shingoni, akasikiliza kwa muda. Kisha akamvalisha Baltazar masikioni.

"Unasikia nini, Mwalimu?"

"Kama upepo. Unakuja, unakata, unakuja tena."

"Ni damu yako. Tezi hii inatengeneza homoni kupita kiasi, ndiyo maana mikono inatetemeka. Ugonjwa huohuo ndio umefanya macho yakutoke. Ukiwa hujatibiwa, damu inakimbilia kwenye tezi kwa wingi namna hiyo."

Wakampima kwa ultrasaundi. Kwenye skrini tezi ilijaa madoa mekundu na ya bluu ya damu inayopita, yanawaka na kuzima, karibu pasibaki sehemu nyeusi. Recho alifunika mdomo. Baltazar aliyatazama kama shingo ya mtu mwingine, akauliza jambo moja tu: daktari angeweza kuandika kwamba hakuwa amelewa?

Daktari akaandika.

Vipimo vya damu vilionyesha vilevile, Baltazar akaanza vidonge. Baada ya miezi mitano daktari aliposikiliza shingo, ule upepo haukuwepo. Kwenye skrini madoa yalikuwa machache. Mikono ilitulia, ila macho yalibaki yametoka kidogo.

Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe nyumbani. Hakuomba radhi. Alikunywa chai, akasema darasa la tatu linashikiliwa na mwalimu wa kujitolea, na kwamba akirudi Jumatatu ni sawa.

Alipoondoka, Recho akamuuliza mumewe kama amefurahi.

"Sijui bado," Baltazar akasema, akaingia ndani kutafuta shati la kupiga pasi.