Kopo la Majivu Kando ya Mashine

Mwenye ukurasa, jina langu naomba libaki kwako. Nina umri wa miaka sitini na sita, ni mgane, naishi Ujiji. Kabla ya kustaafu nilikuwa mkaguzi wa usalama mahali pa kazi. Visa vya hapa navisoma kila jioni, na mara nyingi nimewalaumu watumaji kimoyomoyo kwa uzembe wao wa kuandika na wa kuishi. Leo ni zamu yangu.

Katika eneo langu kulikuwa na kinu cha mawese, upande wa Simbo. Mwenye kinu nitamwita Mzee Rubeni. Mashine yake ya kukamulia chikichi huendeshwa na injini ya dizeli kwa mkanda mrefu wa mpira. Sheria inataka mkanda huo ufunikwe kwa kikinga cha chuma, ili mkono wa mtu usiufikie. Mara ya kwanza nilifika bila taarifa, nikaukuta wazi. Nikaandika agizo. Baada ya mwezi nilirudi, safari hii kwa barua iliyonitangulia kama ilivyokuwa desturi ya ofisi yetu. Kikinga kilikuwa kimefungwa, kimepakwa rangi ya kijani. Nikaandika, "Agizo limetekelezwa," nikalifunga jalada.

Mwaka uliofuata mkanda ulikuwa wazi tena. Agizo jingine, barua nyingine, kikinga kikarudi, jalada likafungwa. Ikawa hivyo mara tano. Mwajiri anayekosa kwa mara ya kwanza huonywa. Akirudia hutozwa faini. Akiendelea, mahali pake pa kazi hufungwa. Lakini kwetu jalada lililofungwa halikufunuliwa tena. Kila mwaka nilianza jalada jipya, na mahali palipoandikwa "Makosa ya awali" nilijaza "Hakuna". Mara tano, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Wala siwezi kusema kwamba sikujua. Mafuta ya mawese huurukia mkanda, nao huteleza. Wafanyakazi huurushia majivu ukiwa unazunguka, ili ushike. Kikinga kikiwapo, majivu hayaufikii. Basi kila nilipokikuta kikinga kimefungwa nilitazama chini, na kila mara kopo la majivu lilikuwa palepale kando ya mashine, limejaa. Nilijua maana yake. Nikishaondoka, kikinga kitafunguliwa.

Hata wao hawakunificha. Siku moja mpakiaji mmoja alipaza sauti, "Jamani, leo mashine imevaa kanzu!"

"Mgeni akiondoka inaivua," akajibu mwanamke aliyekuwa akichambua chikichi. "Joto lote hili!"

Wakacheka. Nami nikatabasamu, nikasaini. Sikupokea rushwa. Nilikunywa chai ya Mzee Rubeni kwa muhogo wa kuchemsha, basi. Ofisi ilitupima kwa majalada tuliyoyafunga, nami nilipenda kuyafunga.

Mwanamke yule nitamwita Shukuru. Miezi mitatu iliyopita alikuwa akirusha majivu, mkanda ukamchukua mkono wa kulia. Ulikatwa juu ya kiwiko, na kinu kikafungwa kwa uchunguzi. Nilipopewa habari nilikuwa nikifua shati. Nilimaliza kulifua, nikalianika. Tangu siku hiyo nakula, naswali, nalala, na ndani yangu hakuna kinachosogea.

Wiki iliyopita alikuja kijana aliyerithi kazi yangu, majalada matano kwapani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Mwenye kinu anasema hajawahi kukaidi agizo, na majalada yanamuunga mkono: yote matano yanasema makosa ya awali hakuna, agizo limetekelezwa. Nahitaji saini yako tu, kwamba kumbukumbu hizi ni sahihi. Likiwa kosa la kwanza, tunampa onyo na kinu kinafunguliwa."

"Niachie nitafakari."

"Mwandiko si wako, Mzee?"

"Ni wangu."

"Sasa unatafakari nini?"

Aliniachia karatasi ya kusaini; atarudi Jumatatu. Mwanangu mkubwa, nilipompigia simu, alisema, "Baba, umestaafu. Saini, ukalale."

Juzi Shukuru mwenyewe alibisha hodi. Tangu atoke hospitali anakaa kwa dada yake, mtaa wa pili kutoka kwangu. "Mwakeye, Mzee," alinisalimu kwa Kiha, akaketi. Alitaka nimwandikie barua ya malalamiko kwenda ofisi ile ile niliyoitumikia, kwa sababu, alisema, mimi najua maneno yao. Nikaandika alivyosema: injini, mkanda, majivu, mkono. Kisha akasema:

"Andika kwamba mkaguzi alikuwa anakuja. Mtu mzuri, anatusalimia wote."

Sikuinua uso. "Kisha?"

"Kisha andika alichokuwa anakiona."

"Alikuwa anaona nini?"

"Mimi nilikuwa nachambua chikichi, Mzee. Ulichokiona unakijua wewe."

Hakuwa na hasira. Aliomba wino, akakandamiza dole gumba la kushoto chini ya barua, chini ya mstari uliobaki mtupu. "Utaujaza," akasema. "Dada ameshaivisha ugali." Akaenda zake.

Sasa karatasi mbili ziko mezani. Nikiisaini ya kijana, kinu kitafunguliwa, kikinga kitavuliwa, na mwingine atalishika kopo. Nikiujaza mstari wa Shukuru, nitakuwa nimeandika kwamba nilidanganya mara tano, na huenda nikafikishwa mahakamani katika umri huu. Mtu mwenye moyo angetetemeka. Mimi nimezipanga tu karatasi, kingo zake zikalingana.

Ndugu wasomaji, sihitaji kufarijiwa, na msamaha si wenu kuutoa. Nauliza jambo moja, nanyi nijibuni kabla ya Jumatatu: yeye ameshaweka dole gumba lake. Kwenye mstari ule niandike nini?