Nane Mbili

Fundi wa kibodi hapa Taipei hupuliza vidole kabla ya kugusa chochote, na huongea na vitufe kama watoto watukutu. Bi Siok-hun alimletea kibodi ya marehemu mumewe; namba zake zilikuwa haziandiki. Fundi akabonyeza kitufe cha kufungulia namba, taa yake ndogo ikawaka.

"Hazijafa, shangazi, zilisusa tu! Nani kaziudhi?"

Akaandika 88, jaribio lake la siku zote. Huku, nane mbili mwishoni mwa ujumbe ni kwaheri, maana hutamkwa karibu kama bai-bai. Bi Siok-hun akaisogelea kibodi. Ujumbe wa mwisho wa mumewe, ulioandikwa kwa kibodi hiyo, ulifika bila nane hizo; yeye akadhani mumewe amemnunia, na kwa hasira hakuujibu.

"Aliyesusa ni mimi," akasema, akaandika nane mbili zake.

Fundi akainama kutafuta skrubu ambayo haikuanguka.